Vipimo vya Februari

Mita niliifunga mwenyewe, Jumatatu tarehe 10 Februari, saa mbili na nusu asubuhi, katika chumba cha kupanga nyuma ya soko la dagaa la Kibirizi. Niliifungua Jumapili tarehe 16, jioni. Naanza na tarehe hizo kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana nazo, na kwa sababu mimi ndiye niliyezitamka mbele ya watu, kwa sauti ya juu, nikidhani zinanitetea.

Kikundi cha wabeba dagaa wa Kibirizi kilikuwa na guta kumi na mbili za umeme, zile za mizigo za magurudumu matatu. Zilibeba dagaa wabichi kutoka mwaloni, mitumbwi inaposhushia, hadi kwenye chanja za kuanikia, kisha zikabeba magunia ya dagaa wakavu kutoka kwenye chanja hadi barabarani yanakosimama malori. Betri zake zilichajiwa katika chumba hicho kwa umeme wa gridi peke yake, na gridi ilipokatika, guta zilisimama na dagaa wakaharibika. Mradi wa nishati uliokuwa ukikisaidia kikundi ukaniajiri nisanifu kituo cha kuchaji kwa vyanzo vitatu kwa pamoja: jua, gridi na jenereta ya dizeli. Kazi ya kuvichanganya hufanywa na kontrola. Huchukua umeme wa jua kwanza. Jua lisipotosha, hufungua gridi, ambayo kwetu ilikuwa na kikomo cha uniti ishirini kwa siku. Gridi ikifika kikomo, kontrola huiwasha jenereta yenyewe, bila mkono wa mtu. Ukijua watu wanatumia uniti ngapi kwa siku, unajua ununue paneli ngapi, na jenereta inabaki kuwa akiba tu. Kituo kizima husimama juu ya namba hiyo moja.

Nilimwomba mwenyekiti wa kikundi, mzee Feliksi, anipangie wiki ambayo kufunga mita hakutawasumbua kazini. Akanipa wiki ya tarehe 10. Alisema wiki hiyo watakuwa na nafasi. Sikuuliza kwa nini watakuwa na nafasi. Nilifunga mita, nikawaachia chumba chao, nikaenda Dodoma kwenye semina.

Niliporudi mita ilinipa wastani wa uniti thelathini na moja kwa siku. Siku ya juu na siku ya chini hazikupishana sana, na hilo lilinifurahisha, kwa kuwa nilifundishwa kuamini namba zinazotulia. Niliongeza robo ya tahadhari, nikapata thelathini na tisa, nikaagiza paneli ishirini na nne. Jenereta nilikadiria itatumia lita ishirini za dizeli kwa mwezi. Hesabu zote ziko kwenye kompyuta yangu mpaka leo. Nimezipitia mara nyingi. Hakuna kosa la kujumlisha wala la kuzidisha.

Kituo kilifunguliwa Jumatatu tarehe 15 Septemba. Ufunguo alipewa Skolastika, mwanamke wa miaka hamsini na minane, ambaye tangu enzi za chumba cha kupanga ndiye aliyekuwa akipokea betri tupu, akitoa zilizojaa, na kuandika kila badilisho kwenye daftari. Kabla ya hapo alianika dagaa kwa miaka kumi na tisa, na chanja yake ilikuwa jirani na chanja ya mama yangu. Mimi nilikuwa nikimwamkia tangu nikiwa sina meno ya mbele. Kikundi kilimchagua kwa kunyoosha mikono, na hakuna mkono uliobaki chini.

Kufikia Ijumaa tarehe 3 Oktoba, jenereta ilikuwa imekula lita mia moja sitini na nane.

Nilifanya nilichofundishwa. Nilipima paneli: zilitoa uniti arobaini kwa siku, kama nilivyokokotoa. Nilikagua jenereta: nzima. Nilikagua nyaya: umeme haukuwa ukipotea njiani zaidi ya kawaida. Betri zilikuwa zikipokea zaidi ya uniti themanini kwa siku, na mimi nilijua, kwa kipimo, kwamba guta kumi na mbili hutumia thelathini na moja. Basi uniti hamsini zilikuwa zikiingia kwenye betri ambazo hazikuwa zetu. Ufukweni mwa ziwa kila mtu ana betri: ya taa ya mtumbwi, ya pikipiki, ya redio.

Nikafungua daftari la Skolastika. Liliandikwa vizuri, kwa mkono wa mtu aliyeishia darasa la saba akiwa wa pili katika darasa. Lilionyesha guta moja ikibadilisha betri mara tatu kwa siku, wakati mwingine mara nne. Kwa kipimo changu cha Februari, guta haikuhitaji kubadilisha zaidi ya mara moja. Nikahitimisha kwamba maandishi yale yametungwa ili kuficha betri za watu wengine. Pembezoni mwa kurasa palikuwa na viduara vidogo, vingine vimejazwa wino, vingine vitupu, vingine nusu. Nilidhani ni michoro ya mtu anayesubiri betri zijae.

Madereva sikuwauliza, kwa sababu niliona wana maslahi. Skolastika sikumuuliza pia. Niliona kumuuliza ni kumpa muda wa kujipanga.

Mkutano mzee Feliksi aliuita Jumamosi tarehe 4 Oktoba, saa tatu asubuhi, kwenye banda la mwaloni. Alisema siku hiyo watu watakuwa na nafasi. Walikuja wengi. Mama yangu, Marcelina, alikuja na bodaboda kutoka mtaa wa Mwanga, ingawa aliacha kuanika miaka sita iliyopita. Aliketi mstari wa mbele na kitenge ambacho sikuwahi kukiona. Baadaye nilijua kwamba aliwaambia majirani zake watatu kuwa mwanawe anasoma ripoti.

Niliisoma kwa sauti. Kulikuwa na watu waliokaa nyuma juu ya matenga, na nilihakikisha wananisikia. Nilitaja kipimo cha Februari, matumizi ya Septemba, na tofauti yake. Nilisema daftari haliaminiki. Nilisema umeme wa kituo umekuwa ukichaji betri za nje, kwamba mwenye ufunguo ni mmoja, na nikamtaja kwa majina yake mawili. Sikutumia neno wizi. Nilijivunia hilo, kwamba sikulitumia.

Skolastika alisimama. Hakulia wala hakupaza sauti. Aliuliza swali moja.

“Ulipima lini, mwanangu?”

“Tarehe kumi hadi kumi na sita Februari,” nilisema. “Siku saba mfululizo.”

Aliangalia juu kwenye mabati, midomo ikicheza kidogo, kama mtu anayehesabu kurudi nyuma. Kisha akashusha macho, na hakuniangalia mimi. Aliangalia mstari wa mbele, alipokaa mama yangu. Alimwangalia kwa muda niliouona mrefu.

“Sawa,” akasema.

Akafungua fundo la khanga yake, akatoa ufunguo, akauweka mezani mbele ya mzee Feliksi. Alipokuwa akitoka, mchukuzi mmoja kule kwenye matenga akasema kwamba kumbe ndiyo maana Mama Skola anang’aa siku hizi, amechajiwa. Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya sana. Walicheka kwa sababu kichekesho kilikuwa kizuri, na mimi nilitabasamu nikikunja karatasi zangu. Ninaliandika hilo kwa kuwa lilitokea.

Ufunguo alipewa Yona, mzee wa kanisa, baba wa watoto watano, mtu ambaye madereva walisema hata soda huinywa kwa kuomba radhi. Tangi la dizeli nililitia kufuli, na ufunguo wa kufuli nikabaki nao mimi.

Kuanzia Jumamosi ile hadi Jumamosi iliyofuata, jenereta haikuwaka hata mara moja. Matumizi yalishuka hadi uniti thelathini kwa siku. Sikuwahi kupata uthibitisho safi kuliko huo. Nilimwandikia Mudathir, mkuu wa mradi aliyeko Dar es Salaam, kwamba tatizo limetatuliwa. Alinipongeza, akaomba maelezo ya kesi hiyo yatumike kufundishia vituo vingine.

Siku hiyo nilimwonyesha mama mchoro kwenye simu: mstari mrefu juu, halafu umeanguka chini siku ile ile ufunguo ulipobadilisha mikono. Nilimweleza polepole. Aliutazama.

“Skola?” alisema.

Halafu akainuka, akasema anaangalia maharage jikoni. Moto haukuwa umewashwa.

Jumapili tarehe 12 Oktoba jenereta iliwaka. Jumatatu ilikula lita tisa. Jumanne kumi. Mpaka mwisho wa wiki tulikuwa tumerudi kule kule kwa Septemba, na tangi lilikuwa na kufuli langu, na mwenye ufunguo wa kituo alikuwa Yona. Nilifikiri kwanza kwamba Yona naye ameharibika. Nasema nilifikiri hivyo kwa siku sita. Ilikuwa rahisi zaidi kwangu kuamini kwamba Kibirizi ina wezi wawili kuliko kuamini kwamba Februari ina kasoro.

Tarehe 20 nilikwenda kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikakaa kwenye stuli karibu na rafu ya betri, na kalamu yangu, na daftari langu. Kila betri ya kikundi ina namba iliyochongwa ubavuni. Nilisoma kila namba iliyoingia na iliyotoka. Haikuingia betri ya mtumbwi, wala ya pikipiki, wala ya redio. Ziliingia betri zetu tu, zikiwa tupu, na hazikuacha kuingia. Mwaloni matenga yalikuwa yamepangwa mpaka majini, na guta zilipita zikichuruzika maji ya samaki, zikarudi, zikapita tena. Kabla ya saa tatu, dereva mmoja aitwaye Meshack alikuwa amekuja mara ya pili. Saa saba akaja mara ya tatu. Nikamuuliza guta moja inawezaje kumaliza betri tatu kwa siku.

Alinitazama kama mtu anayepima kama anataniwa.

“Injinia, hizi si siku za giza? Mitumbwi inatoka, dagaa wamejaa. Ulitaka niwabebe kwa macho?” Akasukuma betri tupu kwenye rafu. “Ngoja mbalamwezi irudi, utanikuta nimelala hapo kivulini. Mitumbwi ikipumzika na sisi tunapumzika. Ikitoka, hata mke wangu anasahau sura yangu.”

Nilijua atakachosema kabla hajamaliza kukisema, na nilikijua si kwa kukisoma popote.

Dagaa wa ziwa letu huvuliwa kwa taa. Taa huwakusanya, wavu huwainua. Mwezi unapokuwa mpevu, ziwa lote lina mwanga, taa haiwadanganyi tena, na mitumbwi hukaa ufukweni siku nane, tisa, hata kumi. Kisha mwezi hupungua, giza hurudi, na kazi huanza. Hakuna mtoto wa Kibirizi asiyejua hilo. Mimi nililijua kabla ya kujua kusoma, kwa sababu mbalamwezi ndiyo ilikuwa wiki ya mama kuwa nyumbani. Siku nyingine zote tuliamka hayupo na tulirudi shule hayupo. Wiki ile alikuwepo. Alisuka nywele za dada yangu, alipika vitu vinavyochukua muda. Alihudhuria mahafali yangu ya darasa la saba kwa sababu yaliangukia mbalamwezi. Ya kidato cha nne hakuhudhuria, kwa sababu yaliangukia giza, na ada ya kidato cha tano ilikuwa bado kwenye chanja.

Hayo yote nilikuwa nayo. Sikuyaleta kazini. Fomu ya vipimo ilikuwa na safu ya joto, ya mawingu, ya siku ya juma, na ya sikukuu za serikali, na nilijaza kila safu.

Niliendelea kuhesabu mpaka saa kumi na moja jioni, kwa kuwa nilikuwa nimeanza. Mabadilisho arobaini na mawili. Kisha nikamwomba Yona daftari la Skolastika, ambalo lilikuwa bado juu ya rafu, chini ya kopo la gundi. Nikalisoma tena, safari hii kuanzia pembezoni. Kiduara kitupu kilikuwa mwezi mpevu. Kilichojazwa wino kilikuwa giza. Nusu ilikuwa nusu. Alikuwa ameweka kimoja kila siku, kwa miezi ishirini, bila kuruka. Nilirudi nyuma mpaka Februari. Tarehe 10: kiduara kitupu. Tarehe 12: kiduara kitupu, na pembeni ameandika, “mitumbwi yote juu.” Tarehe 16: kitupu, kimeanza kukatwa upande mmoja.

Nilijumlisha mabadilisho yake yote ya Septemba, nikayalinganisha na mita ya kontrola. Vilitofautiana kwa asilimia mbili. Kituo kile kilikuwa na chombo kimoja sahihi, na mimi nilisimama mbele ya watu nikakiita cha kutungwa. Wastani wa kweli, ukichukua mwezi mzima wa angani, giza na mbalamwezi, ulikuwa uniti sitini na saba. Kituo nilichokisanifu kilikuwa kidogo kwa karibu nusu. Kwa siku ishirini kati ya ishirini na tisa, kontrola yangu ilikuwa haina la kufanya ila kuwasha jenereta. Ilifanya kama nilivyoiagiza.

Na Jumamosi ile ya tarehe 4 Oktoba, mzee Feliksi aliposema watu watakuwa na nafasi, ilikuwa ni kwa sababu hiyo hiyo iliyomfanya anipe wiki ya Februari. Mgeni wa kazi hupangiwa siku ambazo wenyeji wanaweza kumkalisha na kumsikiliza. Ni adabu. Walinipa siku zao za kupumzika, nami nikazipima, nikaziita kazi.

Nilimpigia Mudathir. Nilimweleza yote, bila kupunguza. Aliniambia kwa upole kwamba makosa ya usanifu hutokea, fedha za paneli za ziada atazitafuta, na katika ripoti niandike kwamba kumekuwa na ongezeko la matumizi.

“Si uongo,” alisema. “Matumizi yako juu ya makadirio. Suala la yule mama liache lijifie. Ukilifukua ndiyo unaliongezea watu.”

Niliandika ukurasa mmoja. Kila sentensi yake ilikuwa kweli. Niliutuma saa kumi na dakika kumi jioni, na kwa siku nne nilijisikia nafuu.

Nafuu hiyo iliisha Ijumaa tarehe 31, pale Yona aliponiambia, bila kukusudia lolote, kwamba Skolastika hayuko tena kwenye kamati ya jumuiya yao kanisani. Alikuwa akitunza kapu la sadaka kwa miaka kumi na moja. Walimwomba apumzike. Hakuna aliyemwambia kwa nini, na yeye hakuuliza. Watoto wa njia ya mwaloni walikuwa wameanza kumwita Mama Chaji, na mmoja alipigwa na bibi yake kwa kulitaja, lakini jina likabaki.

Nikachapa ripoti ile ya ukurasa mmoja, nikamfuata Skolastika.

Alikuwa amekodi nusu ya chanja ya mtu, karibu na pale ilipokuwa ya kwake zamani, akigeuza dagaa wa mwisho kabla ya mbalamwezi. Mitumbwi ilikuwa imeanza kuvutwa juu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusimamisha mikono, akaniuliza kwa Kiha habari za mama. Nilisema mzima. Akasema tumshukuru Mungu, magoti ya Marcelina hayapendi mvua hizi. Nikampa karatasi.

Alifuta mikono kwenye khanga, akaisoma karatasi yote, akifuata mistari kwa kidole. Alipofika mwisho akarudi mwanzo.

“Jina langu liko wapi hapa?” aliuliza.

Nilisema halipo.

“Ile ya kwanza lilikuwepo. Yote mawili.”

Nilimwambia kwamba karatasi hii inaondoa lawama kwa sababu inaeleza chanzo cha kweli cha tofauti. Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo. Akanirudishia karatasi, akaendelea kugeuza dagaa. Nikasimama pale na karatasi mkononi. Kisha nikamwambia kile nilichokuwa sijakisema hata kwenye simu kwa Mudathir kwa maneno mafupi: kwamba nilipima mbalamwezi.

“Najua,” alisema. “Nilijua uliponitajia tarehe.”

“Kwa nini hukusema, mama?”

“Niseme mbele ya nani?” Sasa aliniangalia. “Mama yako alikuwa amekaa pale mbele na kitenge kipya. Nimeanika naye dagaa miaka kumi na tisa, mvua na jua. Nilikuwepo siku anauza khanga zake ukanunuliwe viatu vya shule. Ningesimama niseme nini? Kwamba mtoto tuliyemsomesha kwa dagaa hajui siku dagaa hawapatikani?”

Niliangalia mikono yake kwa sababu uso sikuuweza.

“Nilidhani utarudi nyumbani utafikiri, utagundua kesho yake,” alisema. “Una akili. Nikasema nitakaa kimya siku mbili tatu, atakuja mwenyewe. Zimepita ngapi?”

“Ishirini na saba.”

“Unazihesabu vizuri,” alisema, na hakuwa akinisifu.

Nilimwambia nitaandika barua nyingine, yenye jina lake, niipeleke kwa kikundi, kanisani na Dar es Salaam. Alisema barua ni ya anayejua kusoma, na waliocheka siku ile wengi hawakuja kusoma, walikuja kusikiliza. Nilimwambia basi nitamrudishia ufunguo kesho. Akatikisa kichwa.

“Ufunguo tutauongea baadaye. Yona ana watoto, na hakuiba. Ulinisemea wapi?”

“Bandani.”

“Basi.”

Mzee Feliksi aliita mkutano Jumamosi tarehe 8 Novemba. Mwezi ulikuwa mpevu tangu Jumatano. Mitumbwi yote ilikuwa juu, na watu walikuwa na nafasi. Ijumaa jioni nilikwenda Mwanga, nikamweleza mama. Nilitumia maneno machache kuliko nilivyotumia siku ile ya mchoro. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika bilauri ya chai ambayo hakuinywa. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu: kama Skola alijua siku ile ile. Nikasema ndiyo. Akaiweka bilauri chini, akafunika uso kwa viganja viwili, akakaa hivyo. Sikujua nifanye nini, nikakaa naye. Nilimwambia kwamba kesho si lazima aje.

“Nitakuja,” alisema.

Alikuja kwa miguu kutoka stendi. Kitenge kile hakukivaa. Alivaa khanga ya kawaida, ile ya kazi, na hakuja mbele. Alipita katikati ya watu, akaenda nyuma kabisa, akaketi juu ya tenga pamoja na wachukuzi. Skolastika alisimama mlangoni na beseni lake tupu kiunoni, kama mtu aliyekuwa akipita tu akaona watu.

Nilikuwa na karatasi, lakini niliikunja. Nilianza na tarehe. Nilisema mita niliifunga tarehe 10 Februari. Nilisema siku hizo zilikuwa za mbalamwezi, mitumbwi ilikuwa juu, guta zilikuwa zimelala, na mimi nilichukua usingizi wao nikaufanya kipimo cha kazi yao. Nilisema daftari la Skolastika halipishani na mita kwa zaidi ya asilimia mbili, na kwamba hakuna betri ya nje iliyowahi kuchajiwa. Nilisema sikumuuliza yeye wala mtu mwingine. Niliposema hivyo niligundua kwamba nilikuwa nikiongea na meza. Sauti ilikuwa imeshuka mpaka mzee Feliksi, aliyekuwa hatua mbili kutoka nilipo, alikuwa ameinamisha sikio.

Mtu mmoja alikohoa. Mchukuzi yule yule wa kule nyuma akauliza, si kwa sauti kubwa, huyu injinia alizaliwa wapi, Dodoma? Wachache wakacheka, wakaacha, kwa sababu waliona aliyekaa naye tenga moja.

Nilitaka kuketi. Nilikuwa nimesema kila kilichotakiwa kusemwa, na kila sentensi ilikuwa kweli.

“Gaudensi,” mama yangu aliita kutoka nyuma. Alikuwa amesimama. “Huku hatujasikia. Mara ile ulisikika.”

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Wote waliniangalia mimi. Skolastika alihamisha beseni kutoka upande mmoja wa kiuno hadi mwingine, akabaki pale pale mlangoni.

Nikavuta pumzi, nikaanza upya, kwa sauti, kuanzia tarehe.